Mti una majani na kivuli chake, kwanini siti wanataka kuukata?

Swali limetoka kwa Mama Baraka, anakaa Minnesota kwenye mji mmoja wa pembeni ya Minneapolis. Nalifupisha: watu wa siti, yaani halmashauri ya mji, walikuja wakazungushia rangi ya kijani mti mkubwa wa mbele ya nyumba yake, ule ulio kwenye kipande cha nyasi kati ya barabara na sidewoki, njia ya waenda kwa miguu, alafu ikafuata barua inasema ni mti wa eshi (ash) na utaondolewa kwasababu ya mdudu. Yeye akiangalia anaona mti mzima kabisa, majani yapo, watoto wanacheza chini yake. Uani kwake anao mwingine wa aina hiyohiyo. Anauliza kama siti wana haki hiyo, nani analipa, kama kuna dawa, na mwisho kabisa kama magogo anaweza kuyachukua maana mumewe anataka kuni za nyama choma na shemeji yake ana kanyumba ka mapumziko ziwani huko kaskazini.

Mama Baraka salama, na pole kwa hiyo barua, nazijua zilivyo, ukurasa mzima wa vifungu alafu neno lenyewe la maana liko mstari wa mwisho. Mi kazi yangu ndio hii, miti ya mijini, kukagua, kupogoa, kuchoma sindano na ikibidi kukata, kwahiyo ntakujibu hivyohivyo ninavyowajibu watu mlangoni kwao, nikianza na hilo linalokuuma zaidi, mbona mti mzima unakatwa.

Jibu la haraka ni kwamba huo mti inawezekana sio mzima, na hata kama leo ni mzima, bila dawa hauna miaka mingi. Siti hawatafuti kazi ya kufanya hapo.

Mdudu mwenyewe, kwa Kiingereza emerald ash borer, ukimwona utampenda, kijani ya kung'aa, urefu haufiki sentimita moja na nusu. Kwao ni Asia ya mashariki, China, Korea na ule upande wa mwisho wa Urusi, na huko hana fujo sana maana eshi za kule zimeishi naye toka enzi na zina kinga, anaua zile zilizochoka tu. Huku Amerika eshi hazikuwahi kumwona. Aligundulika 2002 maeneo ya Detroit na ng'ambo ya mto pale Windsor, Canada, na walipokuja kuchunguza pete za miti iliyokufa wakakuta alikuwa ameshaingia toka miaka ya 1990, yaani alikula karibu miaka kumi watu wanadhani ni ukame au ugonjwa mwingine. Inaaminika alikuja ndani ya mbao za kufungia mizigo, mapaleti na makreti. Na dunia ina vichekesho vyake, mwaka huohuo wa 2002 ndio ulipitishwa utaratibu wa kimataifa wa kupasha moto mbao za mizigo, nyuzi 56 mpaka katikati ya mbao kwa dakika 30, leo ukiangalia paleti bandarini Dar au nyuma ya duka lolote kubwa huku utaona muhuri wenye alama ya shuke la ngano na mara nyingi herufi HT, yaani imepashwa moto. Utaratibu ukaja, mgeni yuko sebuleni tayari.

Sisi wa nyumbani hii stori sio ngeni. Dumuzi wa mahindi, yule wazee wa Tabora walimwita Scania, aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati akamaliza maghala, na yeye kwa asili ni mdudu wa kutoboa mbao aliyenogewa na mahindi. Njia ileile, mzigo unasafiri na abiria asiye na tiketi.

Minnesota alionekana 2009 pale St Paul, mwaka uliofuata Minneapolis. Na jimbo lenu lina eshi nyingi ajabu, hesabu inayotajwa ni karibu bilioni moja, nyingi ziko kwenye misitu na mabwawa ya kaskazini.

Sasa kwanini unaona majani. Mdudu mkubwa anang'ata majani kidogo tu, hana madhara, anaishi wiki chache, jike anataga mayai kwenye nyufa za gome basi. Mwenye kazi ni funza. Anatoboa anaingia chini ya gome, anakula ile ngozi laini ya ndani ambayo ndio inapitisha chakula cha mti kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na anakula akizungukazunguka, njia zake ukibandua gome zimejikunja kushoto kulia kushoto kulia. Funza mmoja si kitu. Mia tano wanakata mzunguko mzima. Chukulia nyumba yenye tanki juu ya dari ambayo bomba la kutoka dawasa limekatwa, siku mbili tatu bado mnaoga na kufua mnajiona mko sawa, lakini hesabu imeshaanza.

Na mbaya zaidi wanaanza juu. Kwenye mti mkubwa mayai ya kwanza yanatagwa kwenye matawi ya juu kabisa ambako mtu wa chini haoni kitu, kwenye mti wenye nguvu funza anaweza kuchukua hata miaka miwili mpaka akomae, kwahiyo mpaka wewe unasimama sidewoki unaona ncha za juu zimekuwa nyepesi, mti umeshaliwa miaka miwili, mitatu, hata minne. Ndio maana wakaguzi wazuri hawaangalii shina tu, wanakata matawi ya katikati wanabandua gome wanatafuta njia za funza. Ukitaka kuangalia mwenyewe fanya wakati wa baridi majani yakiwa hayapo, tafuta sehemu ambazo gome la nje limebanduliwa na rangi yake imekuwa nyeupe ya manjano, hao ni vigogota wamemgundua funza kabla yako na kabla ya siti, kwakweli kigogota ndio inspekta bora niliyewahi kufanya naye kazi na hana kiburi. Alafu kuna vitobo vya kutokea, milimita tatu hivi, upande mmoja umenyooka na mwingine mviringo, umbo la herufi D. Na machipukizi yanayotoka kwenye shina au chini karibu na mzizi, watu wanafurahi wanasema mti unachangamka, kumbe huo mti unahangaika, juu kumeziba unajaribu kuishi kwa chini.

Hivi baridi ya Minnesota haiwaui? Hili naulizwa kila mwaka. Inawaua baadhi. Januari 2019 ilipopiga chini ya nyuzi hasi 30 za Selsiasi wengi walikufa kweli, lakini funza yuko chini ya gome, ana kinga yake mwilini ya kutoganda, na wachache waliobaki wanatosha kuendelea. Baridi inachelewesha, haimalizi.

Turudi kwa siti. Mti wa mbele ulioutaja sio wako, hata kama unaukatia nyasi na kuumwagilia miaka yote, kile kipande kati ya barabara na sidewoki ni eneo la umma na miti yake ni ya manispaa, isipokuwa miji michache inayomwachia mwenye nyumba wajibu wa kuitunza, kwahiyo lisome hilo kwenye barua. Kama ni wa umma basi haki ya kuukata wanayo na gharama ni yao. Hapo hulipi kitu moja kwa moja, unalipa kupitia kodi ya nyumba kama jirani zako wote.

Wanavyofikiri wao ni hivi, na nakwambia kwasababu nimekaa kwenye hivyo vikao. Eshi ikishakufa inakauka haraka na inakuwa ya kukatikakatika, sio mti wa kukwea tena, sisi tunaokwea miti kwa kamba tunakataa kufunga kamba kwenye eshi iliyokufa na mtu akikulazimisha mwambie akwee yeye, inabidi ije gari ya kunyanyua au kreni, bei inapaa. Sasa mji wenye eshi elfu tano ukingoja mpaka zife, hazifi moja moja, vifo vinaanza taratibu miaka ya mwanzo alafu ghafla vinalipuka, ndani ya miaka michache zote zimekauka pamoja, matawi yanaangukia magari, bajeti ya mwaka mmoja haiwezi, makontrakta wamejaa. Kwahiyo wanatandaza kazi: wanakata sehemu kila mwaka, zikiwemo ambazo bado zina majani, ili wasije wakakutwa na yote kwa mpigo. Rangi ya kijani kwenye mti wako yawezekana haina maana wamemkuta mdudu kwenye mti huo, inaweza kuwa ni zamu ya mtaa wenu tu. Hilo uliza, ni swali la haki kabisa: mti huu umekaguliwa na kukutwa na mdudu, au umo kwenye mpango?

Miji haikuamua sawa. Minneapolis waliamua kuondoa eshi zote za umma, kama 40,000, mpango wa miaka 8 ulioanza 2014, kila penye pengo wakapanda mti mwingine wa aina tofauti. Milwaukee, hapo Wisconsin, wao toka 2009 waliamua kuchoma sindano maelfu ya eshi za barabarani, wakati huo mdudu hata hajaonekana mjini kwao. Watu wanapenda kuuliza nani alikuwa sahihi. Mi naona wote wawili walikuwa sahihi kuliko miji ya aina ya tatu, ile iliyokaa kimya ikisubiri. Ila ukinibana niseme langu, ntasema eshi kubwa yenye shina nene na nafasi nzuri ichomwe sindano, maana kivuli chake kimechukua miaka arobaini kukua na huwezi kukinunua dukani, na zile nyembamba, zilizopinda, zilizo chini ya nyaya za umeme, zikatwe mapema bila kulia. Mpango wa kukata zote ni rahisi kuusimamia na hauna gharama ya kurudi kila miaka miwili, naelewa kwanini mkurugenzi anaupenda, lakini mtaa unabaki uchi.

Na uchi huo una bei yake. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2013, walilinganisha kaunti za majimbo 15 zilizopoteza eshi na takwimu za vifo, wakakuta vifo vya moyo na vya kifua viliongezeka kule mdudu alikopita, kwa makadirio yao zaidi ya 20,000 mpaka 2007. Huo ni uhusiano wa kitakwimu, usije ukasema mti ukikatwa jirani anakufa kesho, ila mtu akikwambia miti ya mtaani ni urembo mwonyeshe hilo. Na angalia mitaa ya wageni na watu wa kipato cha chini, miti ilikuwa michache toka mwanzo, sasa ondoa na hiyo iliyokuwepo.

Kwanini mtaa mzima una eshi tupu lakini? Hapa kuna historia inayoniudhi. Zamani mitaa ya huko kwenu ilikuwa imejaa miti ya elmu (elm), matawi yanakutana juu ya barabara, mpaka ugonjwa wa fangasi unaobebwa na mbawakawa wadogo ukafika, Minneapolis mwaka 1977 peke yake walipoteza elmu zaidi ya 30,000. Wakahuzunika, wakafyeka, alafu wakaenda kupanda nini? Eshi kwa wingi, na mepo (maple). Eshi ni mvumilivu, inakua haraka, inastahimili chumvi ya barabarani na udongo mbovu, bei nafuu bustanini, kila mtu alifurahi. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Washington, Frank Santamour, alitoa kanuni ambayo mpaka leo tunaitumia ofisini, kwamba mji usiwe na spishi moja zaidi ya asilimia 10, jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu, isizidi 20, familia moja, kundi kubwa zaidi, isizidi 30. Miti ilikuwa imeshapandwa. Na leo nenda kaangalie wanapanda nini kwenye mashimo ya eshi, miji mingine wanajaza mepo mtaa mzima, yaani jamani.

Uani sasa, huku ndiko nataka uwe makini kuliko mbele. Mti wa uani ni wako, na miji mingi ya Minnesota ina sheria ndogo inayoruhusu inspekta kuingia, akikuta eshi ina mdudu anaitangaza kuwa ni hatari, unaletewa barua yenye tarehe ya mwisho ya kuuondoa. Hiyo barua usiiweke juu ya friji. Nimeona familia nyingi za kwetu, barua ya Kiingereza kigumu, wanasema ah ni siti hao wanatangaza mambo yao, tarehe inapita, siti wanaleta kontrakta wao anakata, alafu bili inawekwa kwenye kodi ya nyumba na riba juu. Mti mkubwa karibu na nyumba na uzio sio mia mbili, ni elfu kadhaa za dola. Ukipata barua piga simu siku hiyohiyo, sema una shida ya hela kama unayo, omba waongeze muda, uliza kama kuna mpango wa kulipa kidogokidogo au ruzuku ya kuondoa eshi za watu binafsi kwa wenye kipato kidogo, baadhi ya miji imepata fedha za serikali kwa kazi hiyo lakini hawaji kukugongea mlango, na uombe mkalimani wa Kiswahili bila aibu. Kama umepanga, barua mpelekee landilodi haraka na ubaki na picha yake kwenye simu, hilo deni sio lako.

Na wale vijana wanaogonga mlango na pikapu wanasema mama tukukatie leo leo kwa bei nzuri, waombe karatasi ya bima kwanza. Akisema ataleta kesho, mwambie na mti akate kesho. Akianguka uani kwako bila bima, mzigo unaweza kukugeukia wewe.

Dawa ipo, na inafanya kazi, hili watu wengi hawaambiwi. Inaitwa emamektini benzoeti, inadungwa moja kwa moja kwenye sehemu ya chini ya shina kwa mirija midogo, mti wenyewe unaivuta mpaka juu, funza akila anakufa. Inarudiwa kila baada ya miaka miwili, sehemu nyingine mitatu. Wakati mzuri ni majani yakishafunguka vizuri, katikati ya Mei mpaka Juni, udongo ukiwa na unyevu, kwenye ukame mti hauvuti kitu. Kuna nyingine ya kumwaga chini kwenye mizizi, imidaklopridi, unaiona mpaka madukani, mi siipendi kwa mti mkubwa na siipendi kabisa pale ambapo kuna maua karibu, nyuki wanaipata, na kisima au mto ukiwa jirani ndio usiguse. Ile ya shina inakaa ndani ya mti, na eshi inachavushwa na upepo japo nyuki wakati mwingine huchukua chavua yake, kwahiyo sio sifuri lakini ni afadhali sana.

Bei wanatoza kwa inchi ya kipenyo. Pima hivi: chukua futi ya fundi cherehani, zungusha shina usawa wa kifua, futi nne na nusu kutoka chini, gawanya kwa tatu na kidogo. Tuseme mzunguko ni inchi 63, kipenyo ni 20. Mwenye kutoza dola 12 kwa inchi atakwambia 240, na hiyo ni ya miaka miwili. Linganisha na kukata, kisiki kusagwa, na kiyoyozi utakachoongeza kiangazi, utaona kwa mti mzuri hesabu inakubali miaka mingi. Lakini ni ahadi ya muda mrefu, ukichoma mara moja alafu ukaacha umetupa hela. Na kama zaidi ya asilimia 30 ya kichwa cha mti imeshakauka mimi sikuchukulii hela yako, mabomba ya ndani yameshaharibika dawa haifiki juu. Tawi lililokufa halifufuki.

Je unaweza kuuokoa wa mbele kwa hela yako? Kwenye baadhi ya miji ndiyo, kuna kibali, unaajiri kampuni yenye leseni, siti wanafuta alama wanaweka mti kwenye orodha ya iliyotibiwa, na usipoendelea wanaurudisha kwenye orodha ya kukatwa. Miji mingine wanakataa kabisa. Huwezi kujua bila kuuliza, na usichome kimyakimya mti wa umma usiku, wapo waliofanya. Uliza ofisi ya misitu ya mji au bodi ya bustani, ndio hao, sio dawati la kodi. Ukienda na majirani watatu wanne wenye eshi mtaa huohuo, kampuni za sindano zinashusha bei na diwani anapokea simu.

Kuna na nyigu, maana lazima mtu atauliza. Wameletwa nyigu wadogo sana kutoka kule kwao mdudu, hawaumi watu, wengine wanataga kwenye mayai yake wengine kwenye funza, walianza kuachiwa Michigan 2007 na Minnesota toka 2010. Ni mpango uleule wa dumuzi, kumfuata mdudu na adui yake wa nyumbani, yule mbawakawa mla dumuzi aliletwa Togo na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyigu wanasaidia miche ya eshi msituni ikue, kizazi kijacho hicho. Mti wako mkubwa hawauokoi, funza yuko ndani ya gome nene hawamfikii.

Sasa kuni, shemeji na ziwa. Magogo ya uani ni yako, na eshi ni kuni nzuri kweli, moto safi, nyama inaiva bila moshi wa kukukimbiza. Chomeni hapohapo nyumbani. Lakini kupakia kwenye gari kupeleka kaskazini, hapana, na hapana yangu hii haina punguzo. Mdudu akiruka mwenyewe haendi mbali, maili chache kwa mwaka ni kwa mbinde, ila ndani ya gogo anasafiri maili mia tatu kwa saa tano akiwa amelala. Funza anabaki hai kwenye gogo lililokatwa, Mei inayofuata anatoka ziwani kwa shemeji, na huko ndiko ziliko zile eshi nyeusi za mabwawani ambazo Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wanachania vipande vya kusukia vikapu toka mababu zao. Zikifa, maji kwenye bwawa yanapanda maana hakuna mti wa kuyanyonya, na miche mingine haishiki. Serikali kuu ilifuta karantini yake ya kuzuia kusafirisha eshi Januari 2021, wengine wakasikia imeruhusiwa, haijaruhusiwa, jimbo la Minnesota bado lina yake kwa kaunti. Shemeji anunue kuni hukohuko kwake. Mbao za siti zenyewe wanazisaga vibanzi, St Paul kuna mtambo unachoma vibanzi hivyo kutoa umeme na joto la majengo ya katikati ya mji, kwahiyo hamjaibiwa kitu.

Ukiamua kukata wa uani, kata Oktoba mpaka Aprili, wadudu hawaruki na makontrakta wengine wanapunguza bei. Alafu ulizia mti wa kupandwa mbele, na uulize kabla hawajaja na chenso, miji mingi inakupa uchague kwenye orodha. Usichague mepo kama mtaa umejaa mepo. Mwaloni mweupe wa majini unakaa vizuri, elmu mpya zinazostahimili ule ugonjwa pia, na kuna mmoja unaitwa mkahawa wa Kentucky, jina tu, usije ukachemsha mbegu zake zina sumu zikiwa mbichi. Mti ukishapandwa ni galoni 20 za maji kila wiki kwenye joto, miaka miwili mitatu ya kwanza, siti wanapanda elfu nzima hawana watu wa kumwagilia, na hapa ndipo programu nyingi nzuri zinafia, picha na meya siku ya kupanda, mwaka wa pili mti umekauka na mfuko wa maji uko mtupu. Matandazo weka mapana, yasiguse shina.

Nitumie picha tatu: shina lote, ncha za juu, na jani moja likiwa bado kwenye kitawi chake. Eshi majani yake yana vijani vitano mpaka kumi na kimoja kwenye kikonyo kimoja na matawi yanatoka mawili mawili yanatazamana, nataka kuhakikisha ule wa uani ni eshi kweli kabla hujalipa mtu. Na tarehe iliyoko kwenye barua ni ipi?